Kutangazwa mtu mzima kabla ya miaka 18 huko California: mwongozo kamili kwa vijana na wazazi wanaozungumza Kiswahili

Katika familia nyingi za Waswahili waliohamia Marekani, hasa zile zilizotoka Kongo kupitia kambi za Tanzania, Uganda na Burundi, habari hii huingia nyumbani kwa mlango wa shule. Kijana anaambiwa na wenzake kwamba mtoto wa miaka 14 anaweza kwenda mahakamani akajitenga na wazazi wake. Mzazi naye akilisikia neno hilo, usiku halali, maana kwa malezi aliyokulia yeye, mtoto kumpeleka mzazi mbele ya jaji ni sawa na kukana ukoo.

Wote wawili wamepata nusu ya habari. Sheria ipo kweli, na kwa vijana wachache inawafaa sana. Lakini mahakama haimpi kijana uhuru ili aende kujaribu kujitegemea. Inaangalia kama tayari anajitegemea, na ikiridhika ndipo inaandika kwenye karatasi jambo ambalo tayari linaonekana kwa macho. Ukilishika hilo, hatua zote zinazofuata zitaeleweka, na huenda ukagundua kwamba mlango unaouhitaji ni mwingine kabisa.

Sheria yenyewe

Utaratibu umeandikwa kwenye Sheria ya Familia ya California, vifungu vya 7000 hadi 7143. Aliye chini ya miaka 18 huhesabiwa mtu mzima kwa njia tatu: akiwa amefunga ndoa halali (hata kama ndoa hiyo imevunjika baadaye), akiwa kazini katika jeshi la Marekani, au akipewa tamko na jaji. Ndoa ya mtu wa umri huo inahitaji idhini ya mzazi pamoja na amri ya mahakama, na simshauri binti yeyote aolewe ili apate tu kutoka nyumbani. Jeshi linapokea kuanzia miaka 17, na kwa umri huo saini ya mzazi ni lazima. Mwongozo huu unahusu njia ya tatu, yaani tamko la jaji.

Masharti ni haya. Uwe umefika miaka 14. Uwe unaishi mbali na wazazi au mlezi wako kwa hiari yako, nao wawe wamekubali, au angalau wanajua na hawajapinga. Uwe unasimamia fedha zako mwenyewe. Mapato yako yasitoke kwenye jambo lolote la jinai. Juu ya hayo yote, jaji ajiridhishe kwamba tamko halitakuwa kinyume cha maslahi yako.

Tazama vizuri sharti la pili. Kijana aliyetoroka huku mama anazunguka vituo vya polisi akimtafuta hajatimiza sharti hili. Kijana ambaye bado analala chumbani kwake nyumbani kwa baba, hata kama hawasemezani, hajalitimiza pia. Na mpaka siku jaji atakapotia saini, mamlaka ya mzazi yapo palepale, na polisi wanaweza kukurudisha nyumbani.

Piga hesabu kabla ya kugusa fomu

Sharti la fedha ndilo zito kuliko yote, na linahitaji kalamu na karatasi. Kima cha chini cha mshahara California mwaka 2025 kilikuwa dola 16.50 kwa saa, na baadhi ya miji imeweka juu zaidi. Ukiwa na miaka 14 au 15, wakati wa shule sheria inakuruhusu kufanya kazi saa 3 kwa siku ya masomo na saa 18 kwa wiki. Mara dola 16.50, hiyo ni dola 297 kwa wiki, kama dola 1,287 kwa mwezi kabla ya makato. Ukiwa na miaka 16 au 17, kikomo ni saa 4 kwa siku ya masomo. Tuseme unafanya saa 4 siku tano na saa 8 Jumamosi na Jumapili: jumla saa 36, dola 594 kwa wiki, karibu dola 2,574 kwa mwezi, na huna hata siku moja ya kupumzika.

Sasa weka kando yake kodi ya nyumba. San Diego, nyumba ya chumba kimoja mara nyingi inapita dola 2,000 kwa mwezi. Chakula, simu, basi, nguo na dawa bado. Ndiyo maana kijana wa miaka 14 anaruhusiwa na sheria kuomba, lakini hesabu yake ni ngumu mno kusimama mbele ya jaji. Wenye nafasi ya kweli huwa na miaka 16 au 17, wana kazi ya kudumu, na wanakaa kwa ndugu au mtu mwingine kwa kodi ndogo wanayoilipa wenyewe.

Usitegemee kwamba tamko litakufungulia msaada wa serikali. Sheria inasema wazi kwamba kutangazwa mtu mzima hakukupi haki ya msaada wa umma ambao hukuwa unastahili kabla. Na ombi lililosimama juu ya msaada, au juu ya pesa anazokupa rafiki yako wa kiume, halionyeshi kwamba unajimudu.

Kinachobadilika na kinachobaki

Ukipewa tamko unaweza kusaini mkataba wa pango, kukubali matibabu yako mwenyewe, kujiandikisha shule, kununua na kuuza mali, kuandika wosia, kushtaki kwa jina lako, na kuomba kibali cha kazi bila saini ya mzazi. Mshahara wako ni wako, na mzazi hana tena dai juu yake.

Upande wa pili wa mizani ni huu: wajibu wa wazazi kukulisha, kukuvisha na kukupa makazi unakoma siku hiyohiyo. Kama mzazi mmoja alikuwa analipwa matunzo yako na mwenzake, hayo pia yanakwisha. Ukishindwa kulipa kodi, mwenye nyumba atakushtaki wewe. Mkataba uliosaini huwezi kuukwepa kwa kusema ulikuwa mtoto.

Mengine hayaguswi. Sheria ya kuhudhuria shule inakuhusu bado, na vikomo vya saa za kazi nilivyotaja vinakuhusu bado. Kupiga kura ni miaka 18. Pombe na tumbaku ni 21. Sheria zinazowalinda walio chini ya miaka 18 dhidi ya mahusiano ya kingono na watu wazima zinaendelea kukulinda. Nasaba pia haivunjiki: utabaki mtoto wa baba yako na mama yako, ndugu zako watabaki ndugu zako. Wazazi wengi hulia kwa kuogopa jambo hili, na ni vizuri kijana alieleze mapema.

Milango mingine, ambayo mara nyingi ndiyo sahihi

Jiulize kwanza: shida yangu hasa ni nini? Majibu mengi yana dawa nyepesi kuliko mahakama.

Kama unapigwa, unaguswa vibaya, au umefukuzwa nyumbani, hili si suala la kujitegemea. Ni suala la ulinzi. Mwambie mwalimu, mshauri wa shule au daktari. Hao wanabanwa na sheria kutoa taarifa. Hatari ikiwa ya sasa hivi, piga 911. Kwa aliyetoka nyumbani au anayewaza kutoka, kuna simu ya kitaifa ya vijana waliotoroka, 1-800-786-2929, ya bure, saa zote. Tafadhali usipoteze miezi ukikusanya karatasi za mshahara huku unaumia.

Kama unaishi kwa shangazi au mjomba, na tatizo ni kwamba shule au hospitali inadai saini ya mzazi, California ina hati ya kiapo ya ndugu anayelea mtoto. Ndugu huyo anaijaza na kuisaini mwenyewe, bila jaji, na inamwezesha kukuandikisha shule na kukubali matibabu yako. Familia zetu, ambako mtoto kulelewa na mama mdogo au babu ni jambo la kawaida kabisa, zingepumua sana kama hati hii ingejulikana zaidi.

Ikiwa mzazi yuko mbali, mgonjwa au hawezi tena kulea, ndugu anaweza kuomba ulezi wa kisheria mahakamani. Na hapa pana jambo ambalo vijana wengi hawalijui: mtoto aliyefika miaka 12 anaweza kufungua ombi hilo mwenyewe na kupendekeza jina la mtu anayemtaka awe mlezi wake. Ukiwa na mlezi wa kisheria, unabaki na mtu mwenye wajibu juu yako.

Kwa matibabu peke yake, kijana wa miaka 15 anayeishi mbali na wazazi na kusimamia fedha zake anaweza kukubali matibabu bila tamko lolote la mahakama. Kuanzia miaka 12, ushauri nasaha wa afya ya akili unaweza kupatikana kwa idhini ya kijana mwenyewe katika mazingira yaliyowekwa na sheria.

Kama shida ni shule, sheria ya shirikisho iitwayo McKinney-Vento inailazimisha shule kumpokea mwanafunzi asiye na makazi ya kudumu, hata akija bila mzazi na bila karatasi zote. Kila wilaya ya shule ina afisa wa kazi hiyo. Muulize karani wa shule akuelekeze kwake.

Wapo pia wanaotaka tamko kwa ajili ya msaada wa fedha za chuo, kwa sababu fomu ya FAFSA humhesabu aliyetangazwa mtu mzima kuwa anajitegemea, hivyo mapato ya wazazi hayaulizwi. Ni kweli. Lakini FAFSA inamhesabu hivyohivyo aliyewekwa na mahakama chini ya mlezi wa kisheria, na pia aliyewahi kuwa chini ya malezi ya serikali wakati wowote tangu atimize miaka 13. Kwa hiyo usivunje nyumba kwa ajili ya fomu ya chuo.

Na wewe uliye chini ya malezi ya serikali, ongea na wakili wako kabla ya yote. California inaruhusu vijana wanaokidhi masharti kuendelea na malezi hayo hadi miaka 21, pamoja na makazi na posho. Ukijitoa mapema kwa tamko unaweza kuipoteza nafasi hiyo.

Uraia: jambo ambalo fomu haitakuuliza

Hapa naomba msome taratibu, mzazi na kijana, kwa sababu kwa familia za wakimbizi na wahamiaji hasara yake inaweza kuwa kubwa kuliko kodi ya nyumba.

Sheria ya Uraia wa Watoto ya mwaka 2000 inampa uraia wa Marekani moja kwa moja mtoto mwenye kadi ya kijani, aliye chini ya miaka 18, ambaye hajaoa wala kuolewa, na ambaye anaishi Marekani chini ya ulezi wa kisheria na wa kimwili wa mzazi aliye raia. Mzazi akila kiapo cha uraia leo, mtoto anayetimiza masharti hayo anakuwa raia leo, bila mtihani wa historia wala mahojiano.

Mkimbizi huomba kadi ya kijani baada ya mwaka mmoja nchini, na kwa kawaida anaweza kuomba uraia baada ya miaka 5. Chukua familia iliyofika mtoto akiwa na miaka 11. Baba na mama wanaweza kuwa raia mtoto akiwa na miaka 16 au 17, na mtoto akaingia nao. Sasa fikiria mtoto huyo alitangazwa mtu mzima akiwa na miaka 15 na anaishi kwake. Ile nguzo ya kuwa chini ya ulezi wa mzazi inaweza kuwa imeanguka, naye atalazimika kungoja atimize miaka 18 aombe uraia mwenyewe, alipe ada na afanye mtihani. Ndoa nayo inaikata njia hiyo.

Kama kuna uwezekano wowote kwamba mzazi wako ataapa kabla hujatimiza miaka 18, ongea na wakili wa uhamiaji kabla ya kuwasilisha ombi. Mashirika yaliyowapokea wakimbizi mara nyingi huwa na wakili au humjua aliye karibu. Tamko lenyewe halibadilishi hadhi yako ya uhamiaji na halikupi kibali chochote.

Na usilibebe nyumbani ukidhani litafanya kazi huko. Kenya na Tanzania hazina utaratibu wa ombi kama huu. Utu uzima huko ni miaka 18.

Hatua ya 1: jenga ushahidi

Kabla ya fomu, tengeneza faili. Weka ndani karatasi za malipo ya kazi, taarifa za benki, mkataba au barua ya mwenye nyumba inayotaja kodi unayolipa, risiti za kodi, bili ya simu, ripoti ya shule, na kadi au maelezo ya bima ya afya. Kodi ilipwe kwa njia inayoacha alama: benki, hundi, au risiti iliyosainiwa. Pesa taslimu anazopewa shangazi mkononi jikoni ni malipo ya kweli, ila jaji hatakuwa na cha kushika.

Miezi kadhaa mfululizo ina nguvu kuliko mwezi mmoja mnono. Ongeza barua ya mwajiri na ya mwalimu anayekujua. Andika pia, kwa maneno yako, kwa nini tamko litakufaa zaidi ya kubaki ulivyo. Utaulizwa swali hilo, na kusema kwamba wazazi wako wakali hakutatosha.

Hatua ya 2: pata fomu na msaada

Fomu zote ni za bure kwenye tovuti ya mahakama za California. Kuu ni EM-100, ambayo ndiyo ombi lenyewe. Pamoja nayo kuna EM-115, ya mapato na matumizi. EM-109 ni taarifa ya kusikilizwa, na EM-130 ni tamko ambalo jaji hulisaini baada ya kusikiliza.

Kila kaunti ina kituo cha msaada ndani ya mahakama yake. Huduma ni bure, na ni kwa watu wasio na wakili. Nenda hapo kabla hujajaza hata mstari mmoja, kwa sababu mahali pa kuwasilisha hutofautiana: kaunti moja hulipokea ombi kwenye mahakama ya watoto, nyingine kwenye ya familia au ya mirathi. Waulize pia kama kaunti ina fomu zake za nyongeza.

Unawasilisha katika kaunti unayoishi wewe, hata kama wazazi wako kwingine. Kumbuka kwamba unajaza chini ya kiapo. Usiongeze hata dola moja kwenye mapato.

Hatua ya 3: saini ya wazazi

EM-100 ina sehemu ya mzazi kukubali. Wazazi wote wawili wakisaini, jaji anaweza kutoa tamko bila hata kuwaita mahakamani. Ndiyo njia fupi, na ndiyo yenye heshima. Usimtupie mzazi karatasi ya Kiingereza na kumwambia saini hapa. Kaa naye, au mtumie ujumbe wa sauti au wa maandishi unaoeleweka. Kwa mfano:

"Shikamoo mama. Sikuandikii kukukana. Tangu Agosti niko kwa shangazi, nafanya kazi, na kodi nalipa mwenyewe. Kila ninapokwenda hospitali au kutafuta chumba wananidai saini yako, nawe uko mbali. Naomba usome karatasi hizi pamoja na mtu unayemwamini. Ukiridhika, weka saini sehemu ya mzazi. Kama kuna jambo linakutia hofu, niambie kabla sijazipeleka, tulizungumze."

Kama hujui mzazi aliko, utaeleza ulivyomtafuta: simu ulizopiga, ndugu uliowauliza, anwani ya mwisho. Kwa familia iliyotawanywa na vita, mzazi aliyepotea Kivu Kusini au aliyebaki kambi ya Nyarugusu, Tanzania, ni jambo la kweli na mahakama inaweza kulielewa, ila lazima uliandike wazi. Na kama kumjulisha mzazi kutakuweka hatarini, fomu inakuruhusu kuomba asipewe taarifa. Toa sababu na ushahidi.

Hatua ya 4: wasilisha na ushughulikie ada

Ada ya kuwasilisha ni kati ya dola 435 na 450 kutegemea kaunti. Thibitisha kwa karani siku hiyo. Ukishindwa kulipa, jaza FW-001, ombi la kusamehewa ada. Kuomba msamaha huo si aibu. Ila hakikisha takwimu zako kwenye FW-001 na EM-115 zinalingana, kwa sababu jaji yuleyule anaweza kuzisoma zote mbili.

Beba asili na nakala za kutosha. Karani atagonga muhuri, atabaki na asili, na kukurudishia nakala. Yeye pia huijulisha ofisi ya kaunti inayoshughulikia matunzo ya watoto, kwa sababu tamko likitoka, malipo ya matunzo yanasimama. Kwa kawaida ndani ya siku 30 tangu kuwasilisha, jaji hulikubali ombi, hulikataa, au hupanga siku ya kulisikiliza.

Hatua ya 5: wazazi wajulishwe

Siku ya kusikilizwa ikipangwa, wazazi au mlezi ambao hawajasaini lazima wapewe taarifa rasmi. Wewe mwenyewe huruhusiwi kuwapelekea. Lazima awe mtu aliyefika miaka 18, asiye sehemu ya shauri, kisha ajaze uthibitisho kwamba amefikisha. Karani atakwambia njia inayokubalika na siku ya mwisho. Shauri zuri linaweza kuahirishwa kwa sababu ya uthibitisho huu tu.

Omba mkalimani mapema kwa fomu INT-300. Mahakama za California hutoa mkalimani bure katika mashauri ya madai. Taja Kiswahili kipi: mzazi kutoka Uvira au Fizi na mzazi kutoka Mombasa hawasemi sawa, na kama mama anaelewa Kibembe au Kinyarwanda vizuri zaidi, andika lugha hiyo. Na wewe kijana usikubali kumtafsiria baba yako kwenye shauri lako mwenyewe. Si haki kwake wala kwako.

Hatua ya 6: mbele ya jaji

Vaa kwa heshima, fika mapema, beba faili lote. Jaji atauliza mambo ya maisha: unaamka saa ngapi, unafikaje kazini, nani alikupikia jana, ukifukuzwa kazi mwezi ujao utalipaje kodi, umeweka akiba kiasi gani, shule inaendaje, ukiugua unakwenda wapi. Jibu kwa ukweli na kwa ufupi. Usiwaseme vibaya wazazi wako. Kama wamo ndani ya chumba na wanapinga, watapewa nafasi ya kusema. Sikiliza bila kuwakatiza.

Wazazi kupinga hakufungi mlango wenyewe, lakini kunalitikisa lile sharti la kukubali au kunyamaza.

Kwa baba na mama

Huu si mlango wako. Mzazi hawezi kufungua ombi hili kumwondoa mtoto, wala kumwambia mtoto wa miaka 16 atafute pa kwenda kisha akasema ameshajitegemea. Kumfukuza mtoto aliye chini ya miaka 18 kunaweza kuhesabiwa kumtelekeza, na idara ya ustawi wa watoto inaweza kuingia nyumbani kwako kwa ajili ya wadogo zake pia.

Ukipata taarifa ya mahakama, usiitupe kwa hasira. Haujashtakiwa, na hakuna anayekupeleka jela. Una njia tatu: kukubali, kunyamaza, au kupinga. Ukitaka kupinga, nenda siku hiyo mwenyewe useme, na uombe mkalimani. Sheria inampa mzazi haki ya kuupeleka uamuzi mahakama ya juu iwapo tu alifika kwenye shauri na kupinga. Aliyekaa nyumbani akilia hana nafasi hiyo.

Na kama mshahara wa mtoto ndio uliokuwa unasaidia kodi ya nyumba au pesa za kutuma kwa bibi kambini, zungumzeni hilo waziwazi. Nimeona ugomvi mwingi unaoitwa wa heshima ukiwa kwa kweli ni ugomvi wa mshahara, na mzee wa jamaa au mchungaji au imamu anaweza kuumaliza kwa jioni moja.

Baada ya uamuzi

Ukikubaliwa, omba nakala kadhaa zilizothibitishwa na karani. Hospitali, mwenye nyumba, benki na shule kila mmoja atataka kuiona yake. Kisha jaza fomu EM-140 upeleke DMV (idara ya magari na leseni), ili hadhi yako iandikwe kwenye kumbukumbu zao na kwenye kitambulisho. Fuatilia bima ya afya mara moja, kwa sababu ile ya mzazi inaweza isiendelee kukuhudumia.

Ukikataliwa, muulize jaji au kituo cha msaada ni sharti gani halikutimia. Mara nyingi ni fedha. Unaweza kuomba mahakama ya juu iuangalie uamuzi, au ukajenga upya ushahidi na kuwasilisha tena. Kama umebakiza miezi michache kutimiza 18, pengine subira ni bora.

Tamko linaweza kufutwa. Kama lilipatikana kwa udanganyifu au kwa kuficha jambo muhimu, mahakama itaweza kulibatilisha. Kama umeishiwa kabisa na huna njia ya kujikimu, linaweza kuondolewa, na wazazi wajulishwe kwamba wajibu umerudi kwao. Lakini mikataba uliyosaini wakati ule inabaki, na madeni yake yanabaki.

Kama huishi California

Usitumie fomu hizi. Kila jimbo lina yake. Maine, ambako Wakongo wengi wameweka makazi Portland na Lewiston, umri wa kuomba ni 16 na mahakama humwekea kijana wakili. Texas inataka miaka 17, au 16 kwa anayeishi mbali na wazazi. Michigan, Oregon na Washington ni 16. Si kila jimbo limeandika utaratibu wa ombi kama huu. New York, kwa mfano, haina. Na utu uzima wenyewe haufiki miaka 18 kila mahali: Alabama na Nebraska ni 19, Mississippi ni 21. Anza na kituo cha msaada cha mahakama ya kaunti yako, au piga 211 uulize ofisi ya msaada wa sheria iliyo karibu.